Festo Kivengere: Mwalimu Aliyerudi Darasani, Askofu Aliyekuwa Mkimbizi

Katika ukurasa huu wa maisha ya watumishi waliotutangulia, safari hii tunawaletea habari za Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Wazee kati yetu wanalijua jina lake, maana alihubiri sana katika nchi hizi zetu za Maziwa Makuu. Vijana wengi hawamjui, kwa sababu alifariki mwaka 1988, kabla wao hawajazaliwa.

Tumemchagua yeye kwa sababu ya swali linaloulizwa katika nyumba zetu hapa Kanzenze. Tunao watoto wanaosoma theolojia katika vyuo vya juu. Wengine wanasoma hapa Rwanda. Wengine walianza ng'ambo ya mpaka, vita vikawakatiza wakiwa wamebakiza mwaka mmoja tu. Na mwaka wa mwisho ndio mgumu kuliko yote. Tasnifu, ile ambayo vijana wetu wanaiita mémoire, haijaisha. Ada haijalipwa yote. Msimamizi anarudisha kurasa zimejaa wino mwekundu. Usiku mtu hapati usingizi. Halafu anajiuliza: nikimaliza, nitakwenda wapi? Nani ataniita niwe mchungaji wake, ikiwa kanisa letu la nyumbani limetawanyika? Na mzazi naye, akiangalia mgao wa mwezi na shitingi inayovuja, anajiuliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi kununua mbuzi.

Hatutaki kuwajibu kwa maneno matupu. Tutazame maisha ya mtu mmoja aliyesoma, akamaliza, na miaka kumi baadaye akajikuta mkimbizi kama sisi.

KIJANA MCHUNGA NG'OMBE

Festo Kivengere alizaliwa karibu mwaka 1919 katika eneo la Rukungiri, Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Watu wake walikuwa Bahororo, wafugaji wa ng'ombe, na ukoo wake ulikuwa wa watawala. Kama watoto wengi wa wakati ule, alichunga ng'ombe za nyumbani. Kusoma alifundishwa na mwalimu wa kanisa aliyefika kijijini kwao, na kitabu kimoja cha kwanza kumgusa moyo kilikuwa Injili ya Luka. Tukumbuke jambo hilo: theolojia yake haikuanza chuoni. Ilianza malishoni, kwa kijana mwenye kitabu kidogo mkononi.

Baadaye alipelekwa Mukono, karibu na Kampala, katika Chuo cha Bishop Tucker, akajifunza ualimu. Alirudi Kigezi akafundisha shule. Lakini moyo wake ulikuwa umeiacha imani ya utoto. Alikunywa pombe, akajiona msomi, na habari za wokovu alizidharau.

Wakati huo moto wa Uamsho ulikuwa unaenea. Sisi tunaoishi Rwanda tunajua ulianzia wapi: ni Gahini, mashariki mwa nchi hii, katika miaka ya 1930, kwa watu kama Blasio Kigozi na daktari Joe Church, pamoja na Simeoni Nsibambi wa Kampala. Kutoka hapo ulivuka mpaka ukaingia Kigezi, kisha ukasambaa Uganda yote, Burundi, Tanganyika, Kenya na Kongo. Mwaka 1941 ulimfikia mwalimu Festo. Alitubu, akaokoka, na maisha yake yakageuka.

Alama ya kwanza ya kugeuka kwake ilionekana barabarani. Kulikuwa na Mzungu mmoja ambaye Festo alimchukia sana. Baada ya kuokoka alisikia moyoni kwamba hana budi kwenda kumwomba msamaha. Alipanda baiskeli akasafiri karibu maili 50, yaani kilomita 80, katika milima ile ya Kigezi, mpaka akamfikia, wakapatana. Huo ndio uliokuwa mtihani wake wa kwanza, na aliufanya bila kalamu wala karatasi.

MWALIMU WA DODOMA

Mwaka 1943 alimwoa Mera. Mungu akawapa mabinti wanne. Miaka michache baada ya arusi, katikati ya miaka ya 1940, mume na mke walihamia Tanganyika, wakakaa Dodoma, ambako Festo alifundisha katika shule ya sekondari ya Alliance. Walikwenda kama wamisionari, Waafrika kwa Waafrika, bila ahadi ya utajiri. Huko ndiko Kiswahili kilipomkaa mdomoni. Mchana alifundisha, na jioni na siku za mapumziko alihubiri. Katika miaka hiyo alipata pia nafasi ya kwenda London kuongeza elimu ya ualimu. Mwaka 1959 alikwenda kuhubiri Australia, kisha akarudi kwao Kigezi kusimamia shule.

Mwaka 1960 mhubiri Billy Graham kutoka Marekani alipofika Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, Kivengere ndiye aliyesimama kando yake na kumtafsiri kwa Kiswahili mbele ya maelfu ya watu. Wote waliosikia mahubiri yale kwa Kiswahili waliyasikia kwa sauti yake.

Hapo wengi wangesema: basi, anahitaji nini tena? Anahubiri, anajulikana, Mungu anamtumia. Isitoshe, alikuwa mlei, hajawekewa mikono, na wandugu wengi wa Uamsho hawakuwa na haraka ya kupata vyeo vya kanisa. Kulikuwa na sababu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa Mukono, kwa sababu walikataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri na kuhubiri chuoni. Mmoja wao alikuwa William Nagenda. Hakurudi kumaliza masomo yale, wala hakuwekewa mikono kamwe. Hata hivyo Mungu alimtumia kuhubiri Afrika na mabara mengine, na Kivengere alimheshimu kama ndugu na kiongozi.

Tunalitaja jina la Nagenda kwa makusudi. Katika makazi yetu wapo ambao hawatamaliza. Si kwa uvivu, bali mlango umefungwa. Ndugu zetu hao wasijione wametupwa. Bwana hakumwuliza Nagenda cheti.

KURUDI DARASANI AKIWA MTU MZIMA

Lakini Kivengere aliitiwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, mume na baba, mhubiri aliyejulikana katika nchi nyingi, alikwenda Marekani akawa mwanafunzi tena. Aliingia Seminari ya Theolojia ya Pittsburgh. Ni shule ya Wapresbiteri, iliyoundwa mwaka 1959 kwa kuunganisha seminari mbili, katika mji uliojulikana kwa viwanda vya chuma. Yeye Mwanglikana wa Afrika alikaa kati ya Wapresbiteri wa Amerika. Ilikuwa miaka ya taabu katika nchi ile. Sheria ya haki za raia ilitiwa sahihi mwaka 1964, lakini Waamerika weusi waliendelea kudharauliwa, na miji kadhaa iliwaka moto kwa ghasia.

Wazazi wasiojua masomo hayo wayaelewe hivi. Shahada ya juu ya wahudumu wa Injili ni kazi ya karibu miaka mitatu. Mwanafunzi hujifunza Agano la Kale na Agano Jipya, pamoja na lugha za Kiebrania na Kiyunani. Hujifunza historia ya Kanisa tangu mitume, mafundisho ya imani, namna ya kuhubiri, na namna ya kuwatunza wagonjwa, wafiwa na wenye ndoa zilizotikisika. Huandika kazi nyingi, na kila moja ina tarehe yake. Tena hutumwa kwenye usharika kufanya mazoezi, na huko hupimwa na watu wanaomsikiliza.

Kwa mtu mzima jambo hilo lina uchungu wake. Yule aliyezoea kusimama mbele ya umati anakaa kwenye dawati na kusubiri alama. Anasoma kwa Kiingereza, ambacho si lugha ya mama yake. Vijana wanaoweza kuwa watoto wake wanajibu upesi kuliko yeye. Na kadiri mwisho unavyokaribia, ndivyo mzigo unavyozidi, kwa sababu nyumbani wanahesabu siku na kanisa linasubiri kuona atarudi na nini. Mwenye kutumainiwa na wengi halali usingizi mzito.

Kivengere alimaliza mwaka 1967. Katika kipindi hicho hicho aliwekewa mikono, akaingia katika daraja takatifu la Kanisa la Anglikana. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50. Wale wanaodhani wamechelewa kwa sababu vita vimewala miaka mitano au sita, na wahesabu tena.

Shahada haikumfanya aanze kuhubiri upya. Injili aliyoihubiri baada ya 1967 ilikuwa ile ile ya 1941. Lakini ilimpa nafasi ya kusema mahali ambapo mlei wa Kigezi asingesikilizwa: katika mikutano mikubwa ya makanisa, vyuoni, na mbele ya wakuu wa nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijiunga na Michael Cassidy wa Afrika Kusini katika huduma ya African Enterprise, akaongoza kazi yake Afrika Mashariki. Mweusi na mweupe walihubiri bega kwa bega, wakati ambapo nchi ya Cassidy ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi.

ASKOFU CHINI YA IDI AMIN

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alichukua utawala wa Uganda kwa nguvu za jeshi. Mwaka uliofuata, 1972, Kivengere aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake Kabale. Kwa hiyo elimu ile ya Pittsburgh ilikuja kutumika katika miaka ya damu.

Mwezi Februari 1973 serikali iliamuru watu watatu wauawe hadharani kwa risasi katika uwanja wa Kabale, mbele ya umati uliokusanywa kwa lazima. Askofu aliomba ruhusa kuzungumza nao kabla ya kufa. Alikwenda akijiuliza atawaambia nini watu hao. Aliwakuta nyuso zao zina amani, wakashuhudia kwamba wamemwamini Kristo na hawaogopi. Yeye aliyekwenda kuwafariji, alifarijiwa nao. Hakuna somo la kuwatunza wanaokaribia kufa linalomwandaa mtu kabisa kwa saa kama ile. Masomo humfikisha mtumishi mlangoni. Kuingia ni kwa neema.

Mambo yalizidi kuwa mabaya. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua, wakilalamika juu ya mauaji na uonevu. Kivengere alikuwa mmoja wao. Tarehe 16 Februari maaskofu na viongozi wengine waliitwa Kampala, na mbele ya askari wakatuhumiwa kuhusika na njama za kuipindua serikali. Wengine waliruhusiwa kuondoka, lakini Askofu Mkuu Janani Luwum alibakizwa. Aliuawa siku ile ile pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Watu hawakuamini.

USIKU WA KUVUKA MILIMA

Baada ya kifo hicho Kivengere alirudi Kabale, na mara akapata habari kwamba askari wanamtafuta. Wakristo walimsihi aondoke, wakimwambia kwamba askofu mmoja aliyeuawa wiki ile anatosha. Yeye na Mera walikwenda kwa gari mpaka pale gari lilipoweza kufika, kisha wakapanda milima kwa miguu usiku, wakisindikizwa. Walivuka mpaka wakaingia Rwanda.

Wapendwa, sisi hatuhitaji kuelezwa usiku kama huo. Tunajua namna miguu inavyotafuta njia gizani, namna mama anavyoziba mdomo wa mtoto, namna mtu anavyoacha nyumba na taa bado ina mafuta. Askofu aliacha jimbo, kanisa kuu, ofisi, vitabu na karatasi zake. Ilikuwa miaka kumi tangu amalize masomo. Kama faida ya shahada ingekuwa cheo na nyumba, basi faida yake yote ilipotea usiku mmoja.

Nchi iliyompokea ni hii yetu tunamokaa, ile iliyokuwa imepeleka Uamsho Kigezi. Huko nyuma Wanyarwanda wengi waliofukuzwa na ghasia zilizoanza mwaka 1959 walikuwa wamekimbilia Uganda. Mara hii aliyekuja kuomba hifadhi alikuwa askofu kutoka Uganda. Katika Maziwa Makuu mkimbizi wa jana ni mwenyeji wa kesho, na mwenyeji wa leo hajui atalala wapi mwakani.

ALICHOFANYA UKIMBIZINI

Uchungu wa kwanza ulikuwa ndani yake mwenyewe. Alimchukia Amin, na chuki ile ilimkausha. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo wa 1977, akiwa ibadani London, aliusikia upya msamaha ambao Yesu aliwaombea waliomsulubisha, akatambua kwamba hana ruhusa ya kumtenga Amin na msamaha huo. Mwaka ule ule kikatoka kitabu chake chenye jina lililowashangaza wengi, ambalo kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Wengine walimlaumu. Lakini kitabu hicho hakikuficha uovu. Kiliusema wazi, kisha kikakataa kuulipa kwa uovu. Ndiyo ile baiskeli ya 1941, ila safari hii njia ilikuwa ndefu zaidi.

Jambo la pili linahusu swali letu. Alipoona vijana na wasomi wa Uganda wakikaa bure Nairobi na kwingineko, masomo yamekatika, Kivengere pamoja na wenzake wa African Enterprise walianzisha mpango wa misaada na elimu kwa wakimbizi wa Uganda. Uliitwa RETURN, neno la Kiingereza lenye maana ya kurudi. Fedha zilitafutwa ng'ambo, na wakimbizi wakasaidiwa kuishi, kusoma na kujifunza kazi. Wazo lilikuwa hili: siku nchi itakapofunguka itahitaji walimu, waganga, mafundi na wachungaji, na watu hao hawapatikani kwa siku moja. Ni lazima waandaliwe wakati milango bado imefungwa.

Tena hakungoja muda mrefu. Amin alianguka Aprili 1979, na Mei mwaka huo huo Kivengere alirudi. Alilikuta jimbo lina majeraha, akaanza kazi. Mwaka 1983 aliwapa wanawake watatu daraja la ukasisi, jambo ambalo Kanisa la Uganda lilikuwa bado halijalikubali kote. Mabinti wetu wanaosoma theolojia na kuulizwa watahubiri wapi, na walijue hilo. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa saratani ya damu.

NASI TUJIFUNZE NINI?

Kwanza tuseme kweli. Kivengere alikuwa na marafiki katika nchi tajiri, na watoto wetu wengi hawana. Ukimbizi wake ulidumu miaka miwili na miezi michache. Sisi tunao waliozaliwa ukimbizini na kuolewa ukimbizini. Hatusemi kwamba kila anayemaliza atafunguliwa milango kama yeye.

Lakini maisha yake yanatufundisha mahali pa kuweka tumaini. Kijana wetu aliye mwaka wa mwisho anatetemeka kwa sababu anadhani siku ya kuvaa joho ndiyo itakayojibu kila kitu. Haitajibu. Kwa Kivengere 1967 haikuwa kilele, ilikuwa maandalizi ya mambo ambayo wakati ule hakuyajua: uwanja wa Kabale, mlima wa mpakani, Ijumaa Kuu ya London. Mwanafunzi hajui anasomea saa gani. Kwa hiyo na asome kwa bidii, lakini asiuchukue mtihani kama hukumu ya maisha yake.

Tena asiibomoe nyumba kwa ajili ya chuo. Kivengere mwenyewe alizoea kusimulia kwamba siku moja aligombana na Mera, akatoka kwenda kuhubiri, na moyoni akasikia kwamba Mungu hatafuatana naye mpaka arudi kupatana na mkewe. Akarudi. Anayeandika tasnifu kuhusu upatanisho huku hasemi na mke wake au mumewe, na aiweke kalamu chini kwanza.

Na sisi wazazi na washarika tusikae pembeni tukihesabu siku. Kivengere hakuvuka milima peke yake, na wanafunzi wa RETURN hawakujilipia. Tuwaulize watoto wetu habari za kazi zao, hata kama hatuelewi Kiyunani. Tumpe nafasi anayesoma ahubiri hapa kwetu, maana usharika wa wakimbizi ni usharika kamili. Mwenye chumba chenye taa amkaribishe mwenye vitabu. Mwenye mbuzi asiuze wote, lakini asiseme kwamba mmoja aliyekwenda chuoni amepotea.

Vitabu alivyoacha Kabale vingeweza kuchomwa. Alichojifunza hakikuweza. Alivuka nacho usiku ule, na hakuna askari wa mpakani aliyekiona.

Mungu awatie nguvu wanafunzi wetu wote wanaokaribia mwisho, na wale walioishia njiani awaonyeshe kazi. Amina.